Embe Moja la Mti wa Babu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mimi na mama tuliingia soko la Mutomo, mji ambao mama alikuwa hajawahi kuuona. Jioni iliyotangulia alikuwa amemletea kaka yake, nyumbani kwake nje ya mji, maembe arobaini kutoka Makueni, ya mti uliopandwa na marehemu baba yao, ili naye ayaonje. Tulimkuta mjomba, mzee wa kanisa ambaye sala zake ni ndefu kuliko ukarimu wake, ameyapanga maembe yayo hayo juu ya gunia, anayauza.

“Dada, mmekuja kutembea?” aliuliza bila kuinuka.

“Umeonja hata moja?”

“Nikianza kula nitauza nini? Huku embe ni pesa.”

 Mama aliniambia ninunue moja, akalimenya mwenyewe, akampa kaka yake. “Kula nikuone.”

Alikula mbele ya wateja, akalamba vidole, akasifu utamu kama mgeni mwalikwa. Mama alimtazama mpaka ikabaki kokwa tupu. Kisha mjomba akaninyooshea kiganja kilicholowa na kupokea shilingi zangu thelathini.