Kitufe Nyuma ya Tai ya Mkurugenzi

Majirani walimwita Bwana Vioo, na wengi hawakujua kazi yake hasa ni nini. Kwa kuwa walimwona na kompyuta, walimletea pasi zilizoungua na redio zilizokata sauti, naye alichoka kueleza kwamba hatengenezi vyombo, anatengeneza kurasa za mtandao. "Sasa kurasa nazo zinaharibikaje?" waliuliza, huku wameshaiweka pasi mezani.

Zinaharibika sana. Ukurasa uliotulia kwenye kompyuta pana ya ofisini unaweza kufika kwenye simu ndogo umebanana kama nguo za familia nzima ndani ya sanduku moja. Maneno yamepandana, picha imemeza nafasi, na pa kubonyeza hapaonekani. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mwenye kioo kikubwa na mwenye kioo cha kiganjani wanakuta kitu kilekile. Kazi hiyo haina shukrani, maana ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba umefanya kitu.

Jina lilitokana na droo yake. Humo alikuwa na simu saba kuukuu, moja ina ufa, nyingine haiwaki mpaka ichomekwe kwenye umeme, na kila ukurasa aliutazama kwenye vioo vyote saba. Lakini mtihani wa mwisho haukuwa ndani ya droo. Ulikuwa simu ya mama yake.

Mama alikuwa mshonaji mpaka macho yalipomgomea. Presha ya macho ilishalichukua jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa linamegwa kutoka pembeni, kidogo kidogo. Simu yake aliiwekea herufi kubwa kupita zote, maneno matatu yakajaza kioo. Kila Jumapili mwanawe alipoingia na kuamkia, mama aliitikia, kisha akanyoosha mkono. "Haya, lete mtihani wako." Akausogelea ukurasa mpaka pua iguse kioo. "Hapa sioni pa kubonyeza. Au umeficha makusudi ili nisinunue?" Wakacheka, na Bwana Vioo akarudi kurekebisha. Kwa miaka kumi na miwili hakuna ukurasa wake uliotoka bila kupita chini ya jicho lile.

Meneja wake alimtania. "Wewe kila kitu mama. Kwani mteja wetu ni mama yako?"

Ikaja kazi ya hospitali ya macho. Madaktari wageni wa upasuaji walikuwa wanakuja pale mara moja kwa mwaka, wiki mbili tu. Mgonjwa aliyepata nafasi alitumiwa ujumbe kwenye simu. Akiufungua anaona ukurasa wenye jina lake, na mwishoni kitufe cha kijani kilichoandikwa Nathibitisha. Asipobonyeza ndani ya siku tatu, nafasi inakwenda kwa mwingine. Mama naye alikuwa kwenye foleni ya nafasi hizo. Daktari alishamwambia bila kuzunguka kwamba jicho lililobaki halifiki mwaka mwingine bila upasuaji.

Ijumaa ukurasa ulikuwa tayari, hauna neno. Saa tisa alasiri mkurugenzi wa hospitali akaagiza picha yake iwekwe, na tai na tabasamu na salamu za kuwakaribisha wagonjwa, kwenye mkanda ulioganda upande wa chini wa kioo, usiondoke hata mtu akiuviringisha ukurasa kwa kidole. Na iwe leo, kwa sababu uzinduzi ni kesho asubuhi.

Bwana Vioo aliuweka mkanda. Kisha akalivuta dirisha la kompyuta mpaka likawa jembamba kama simu, akatazama. Mkanda ulikuwa mwembamba, kitufe kimekaa juu yake vizuri kabisa.

"Bosi, nipe mpaka Jumapili niujaribishe kwa mama."

"Hapo unaona nini?"

"Naona uko sawa."

"Basi uko sawa."

Bwana Vioo akaurusha mtandaoni. Ukweli usemwe, meneja hakumlazimisha. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka, na miaka kumi na miwili bila kosa ilishamtia kiburi. Droo hakuifungua. Jumapili yenyewe hakwenda kwa mama, kwa sababu aliletewa kazi nyingine ya haraka.

Jumanne mama alipiga simu, sauti imechangamka kama ya msichana. "Mwanangu, wameniita! Jina langu nimeliona!"

"Umeufungua ukurasa wetu?"

"Nimeusoma mpaka mwisho. Chini kuna bwana mmoja wa tai, anacheka."

"Huyo ndiye mkurugenzi, mama."

"Amependeza. Na kazi yako imependeza."

Bwana Vioo alijivuna siku nzima. Hakumuuliza kama amebonyeza.

Siku ya upasuaji alimpeleka mwenyewe, mama amevaa gauni alilojishonea zamani. Karani wa mapokezi alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili. "Huyu hakuthibitisha. Nafasi yake alishapewa mwingine tangu wiki iliyopita."

"Lakini aliufungua ukurasa. Aliusoma wote."

"Kufungua ni kitu kingine, bwana. Na si yeye peke yake. Tumewaita arobaini, kumi na tisa hawakubonyeza. Wazee hawa wabishi sana."

Bwana Vioo aliitoa simu kwenye mkoba wa mama na kuufungua ukurasa. Herufi zilikuwa zile kubwa, na salamu za mkurugenzi nazo zilikuwa zimekua, zimeuvimbisha mkanda mpaka ukala nusu ya kioo. Aliuviringisha ukurasa hadi ukagota. Kitufe kilikuwa nyuma ya tai ya mkurugenzi. Ukingo wake tu ndio uliochungulia, mstari wa kijani mwembamba kama uzi.

Kwa wenye macho mazima ukurasa ulikuwa sawa. Waliofungiwa mlango ni wale waliokuza herufi, yaani wale hasa ambao hospitali ilijengwa kwa ajili yao, na mlango aliufunga yeye. Alimwambia karani kila kitu, kwamba kosa ni lake, si la mama, si la wale wazee. Karani alimsikiliza kwa huruma, lakini orodha ilikuwa imejaa hadi siku ya mwisho. "Tumwandike mwakani," alisema, akachukua kalamu.

Mama alikuwa kwenye benchi, mikono juu ya magoti.

"Mama, kulikuwa na kitufe. Kilijificha nyuma ya ile picha."

Alifikiri kidogo. "Kijani?"

"Kijani."

"Nilikiona, mwanangu. Nilidhani umeutia ukurasa pindo."

Alisema hivyo bila lawama yoyote, na Bwana Vioo akatamani angemtukana. Jioni hiyo aliurekebisha ukurasa. Ilimchukua dakika sita. Meneja aliwaandikia hospitali kwamba yamefanyika maboresho madogo, mkurugenzi akashukuru, na madaktari wageni wakamaliza wiki zao mbili wakaondoka.

Mwaka ulikuwa haujafika nusu mama alipoacha kutoka nje peke yake. Alianza kuzitambua sufuria kwa kuzipapasa, na mwanawe kwa hatua zake mlangoni. Hakulalamika. Bwana Vioo bado anatengeneza kurasa, maana hajui kazi nyingine, na Jumapili bado anakwenda.

Jumapili iliyopita mama alinyoosha mkono kama kawaida. "Haya, lete mtihani wako."

Alimfungulia ukurasa, akampa simu. Mama aliisogeza mpaka puani na kuanza kupitisha kidole gumba taratibu, juu mpaka chini, kisha tena juu. Alichukua muda mrefu, na katikati kioo kikajizima chenyewe, kikawa cheusi. Mama hakusita. Aliendelea kupitisha kidole.

"Hapa umepatia," alisema. "Kila kitu kinaonekana."