Sauti ya Juu ya Tangi

Waziri wa mafuta ana mazoea ya kusugua dole gumba kwenye kidole cha shahada, kama anayefuta kitu kisichofutika. Ujanani alikuwa mpimaji: alipanda juu ya matangi ya mafuta, akatumbukiza utepe wa chuma kupima kina, akausoma, kisha akapaza sauti ili wenzake walio chini wasikie. Chama cha wafanyakazi kilimfikisha bungeni, kazi ya ubalozi ikamfunga tai, lakini mikataba bado huisoma vilevile, kwa sauti, kifungu baada ya kifungu, hata mama wa chai asikie. Siku hizi watu hutia saini huku wakichezea simu.

Asubuhi hiyo, mbele ya wageni wa kampuni ya kuchimba mafuta, alifika kifungu cha kumi na tisa cha mkataba wao, akaacha kusoma. Dole gumba likaanza kazi.

"Kampuni itachimba, na kampuni hiyohiyo itapima," alisema. "Fisi kapewa bucha, na mizani mmempa?"

"Mzee, wanasheria wameshapitia," naibu wake akamnong'oneza. "Wageni wana ndege ya kuwahi."

"Waiwahi."

Naibu akainama zaidi. "Rais amesema usiposaini leo, kesho kiti hiki si chako."

Waziri akasimama. Akakisukuma kiti taratibu mpaka kikamgusa naibu magoti.

"Kesho mbali, mwanangu. Keti."

Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akiwa wima, akaanza kusoma upya kwa sauti ile ya juu ya tangi. Mama wa chai, aliyekwisha kushika mlango atoke, akaufunga, akabaki ndani.