Kafuri ya Nyumba ya Nne

Kaa vizuri, rafiki, nikueleze kwanza kazi yangu, maana bila hiyo hutaona kwa nini nimekumbuka harufu moja ya zamani. Mimi hupanga ratiba ya mitihani katika chuo kimoja huko Mombasa. Kila somo nalichora kama nukta. Masomo mawili yakiwa na mwanafunzi anayeyasoma yote mawili, nayaunganisha kwa mstari, kwa sababu mtu hawezi kuketi katika vyumba viwili kwa wakati mmoja. Halafu nazipaka nukta rangi: nyekundu ni asubuhi, kijani ni mchana, buluu ni jioni. Sheria ni moja tu: nukta mbili zilizounganishwa zisipate rangi moja. Hata wenye minara ya simu hufanya vivyo hivyo, ili minara jirani isitumie mawimbi yaleyale na sauti za watu zikaingiliana.

Juzi nilikwama. Nilikuwa na masomo manne, kila moja limeunganishwa na mengine yote matatu, na rangi zangu ni tatu, kwa kuwa imebaki siku moja tu. Nikafuta, nikachora upya, nikafuta tena. Hapo ndipo nilipoisikia harufu ya kafuri, ofisini, saa ya adhuhuri, feni ikizunguka. Hakukuwa na kafuri mahali popote. Lakini nilijua imetoka wapi.

Nilikulia Amu, yaani mji wa Lamu, katika mtaa ambao nyumba zake zimeegemeana kama watu waliosinzia msibani. Nyumba yetu iligusana na mbili. Katikati palikuwa na nyumba ndogo ya fundi wa milango, imebanwa. Kulia kwake palikuwa na nyumba ya maalim wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani. Kushoto kwake yetu. Yetu na ya maalim zilipita nyuma ya nyumba ya fundi zikashikana ukuta. Mbele ya zote tatu palikuwa na kichochoro, na ng'ambo ya kichochoro nyumba moja ndefu ya mjane tuliyemwita Bibi wa Ng'ambo. Yeye alioka mkate wa mofa na kuuza mlangoni, nao ulikuwa mtamu, wa moto, na chini ulishika majivu kidogo.

Kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake wa mtaa waliwasha vyetezo. Nyumba yetu ilichoma udi, ya maalim ubani, ya fundi sandali. Hakuna aliyechagua alivyopenda. Nyumba mbili zilizogusana hazikuruhusiwa kunukia sawa. Nilipomuuliza bibi yangu sababu, alijibu kwa utulivu, huku akishona kofia yake, kama mtu anayekueleza kwa nini mlango una komeo.

Alisema kuna Mpitaji, na hakuna ajuaye kama ni mmoja. Haoni. Kila Alhamisi hupita mtaani kwenda zake, na hujua nyumba kwa harufu. Hana ubaya, mradi ajue nyumba moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Lakini akikuta nyumba mbili zilizoshikana zina harufu moja, hudhani ni moja, akaingia ukutani akitafuta mlango. Ndani ya ukuta hakuna mlango.

Bibi wa Ng'ambo naye alichoma udi kama sisi. Haikudhuru, kwa kuwa kati yetu na yeye kulikuwa na kichochoro, na hewa ya kichochoro ilitosha. Maalim na fundi ndio waliounganishwa naye, kila mmoja kwa wikio lake, yaani kile chumba kinachojengwa juu ya njia, ndia kama tusemavyo Amu, kutoka ukuta hadi ukuta, watu wakapita chini yake.

Mwaka ambao mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, nyumba ilikuwa imetubana. Baba akaomba naye ajenge wikio, Bibi wa Ng'ambo akakubali boriti ziegemee ukutani kwake bila hata kufikiri. Mama akajifungulia humo, wiki ileile lilipokamilika. Hakuna aliyekumbuka udi. Kosa lenyewe lilikuwa hilo: tulihesabu kuta za chini, tukasahau kwamba nyumba zinaweza kushikana hewani.

Alhamisi ya kwanza baada ya kuzaliwa, mtoto aliacha kunyonya. Hakulia. Aligeuza kichwa akautazama ukuta wa Ng'ambo, macho wazi, kwa namna ambayo mtoto mchanga hawezi kutazama. Mama akimgeuza, shingo ilirudi yenyewe, polepole. Mkunga alikuja, daktari wa hospitali akaitwa, wakasema hana homa. Nami nililala sakafuni mle wikioni, sikio kwenye mkeka, nikisikiliza mchana wa Amu ulivyonyamaza baada ya sala. Nilisikia kandambili zikija kichochoroni, zikaingia chini yetu. Nikangoja zitokee upande wa pili. Hazikutokea. Nikachungulia dirishani. Kichochoro kilikuwa kitupu, na punda mmoja aliyefungwa kwa fundi alikuwa ameinua kichwa akitazama juu, palepale alipotazama mdogo wangu.

“Ni udi,” bibi akasema. “Tumemfungia ndia.”

Akamwendea mke wa fundi, nami nyuma yake.

“Ndoo hapa, mwanangu. Wacha sandali, ushike ubani.”

“Ubani ni wa maalim, Bi Mkubwa, na ukuta wangu na wake ni mmoja. Yeye ahamie wapi?”

“Ahamie udi. Mimi nitashika sandali yako.”

“Na wa Ng'ambo je? Si ana udi, na wikio la maalim liko kwake? Tumezunguka tumerudi palepale.” Kisha akacheka kidogo. “Wala sandali yangu hukuiheshimu siku zote hizi. Si wewe uliyesema nyumba hii yanuka gundi?”

“Yanuka gundi mpaka leo. Lakini gundi haimzuii Mpitaji.”

Maalim alituambia kwamba mambo hayo hayamo kitabuni, tumsomee mtoto na tumwachie Mungu. Alikuja mwenyewe, akasoma hadi sauti ikakauka. Alipokuwa akishuka ngazi nilimsikia akimuuliza bibi, chinichini, “Sasa mimi nichome nini?”

Jioni hiyo bibi alipanga vikombe vinne vya kahawa kwenye mkeka, kimoja kwa kila nyumba. Akachukua nyuzi zake za kofia, akavuta uzi kati ya vikombe viwili kila palipokuwa na ukuta au wikio. Kutoka kila kikombe zilitoka nyuzi tatu. Akatia kipande cha udi kikombe hiki, ubani kile, sandali kile, akahamisha, akahamisha tena. Kila mara kikombe kimoja kilibaki kitupu, na chochote alichokitia kilikutana na mwenzake kwenye uzi. Hapo nilielewa, kabla sijajua kuna hisabati ya hivyo, kwamba lililokuwa mbele yetu halikutaka akili zaidi. Vitu vinne vilivyoshikana vyote kwa vyote haviwezi kugawana harufu tatu, uvipange utakavyo. Yalibaki mawili: ukate uzi mmoja, au uongeze harufu.

“Nitabomoa wikio,” baba akasema.

“Na mwanao nimlaze wapi, paani?” mama akamjibu. Alikuwa amechoka hata kukasirika hakuweza. Mtoto alikuwa mapajani, mwepesi, midomo mikavu, akiutazama ukuta. “Kabla hujatoa boriti moja atakuwa ameshakwenda.”

Bibi wa Ng'ambo alikuwa amesimama mlangoni. Hatukumsikia akipanda.

“Kuna harufu ya nne,” alisema.

“Usiitaje,” bibi akamwambia.

“Kafuri.”

“Hiyo ni ya maiti, shoga yangu.”

“Nayua. Nimemwosha mume wangu, nimewaosha binti zangu wawili. Pua yangu yaifahamu. Ninyi mna mtoto, maalim ana watoto, fundi ana watoto. Nipe mimi.” Akainama, akatoa udi kwenye kikombe chake kwa vidole viwili, akautia mfukoni kwa bibi.

Tulimdondoshea mtoto maziwa kwa pamba hadi Alhamisi iliyofuata. Baada ya alasiri harufu ile ilipenya ukutani, baridi, safi, ya kukwangua koo. Udi wetu ukarudi nyuma. Tulisikia kitu kikisugua ndani ya chokaa, kama kiganja cha mtu anayepapasa, kikitoka upande wetu kwenda mbali. Halafu sauti ya Bibi wa Ng'ambo, ya upole, ikizungumza na mtu aliye karibu naye sana: “Si hapa, bwana. Ndia yako ni hiyo.”

Mdogo wangu aligeuza shingo. Akamtafuta mama. Akanyonya.

Mkate wa mofa haukununulika tena. Ulikuwa na ladha ya kafuri, na watu husitasita kula kitu kilichonukia kaburi. Watoto wenzangu walikipita kile kichochoro mbio. Bibi yangu alinituma kununua kila Ijumaa asubuhi, tukala wote, mpaka mjane alipofariki.

Ratiba yangu ya juzi niliimaliza hivyohivyo. Somo moja nililipa nafasi ya nne, Jumamosi alasiri, saa ambayo hakuna anayeitaka. Wanafunzi wake walilalamika, na wana haki. Hesabu inakwambia rangi ngapi zinahitajika. Haikwambii nani abebe ile isiyopendwa.

Kisha nikasafiri kwenda Amu na mdogo wangu, mwanamume mzima sasa, kukabidhi funguo za nyumba yetu kwa mnunuzi. Ya maalim ni ya wageni, ya fundi ni ya wageni, ya Ng'ambo inakarabatiwa iwe ya wageni. Hakuna chetezo. Katika kila mlango wamechomeka kichupa cha manukato ya dukani, kile kile, kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Nilitembea kichochoro kizima nisisikie nyumba moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Tulipoingia wikioni, mdogo wangu alitangulia hadi katikati ya chumba. Hakuna aliyewahi kumsimulia kisa chake, bibi alikataza. Alisimama, shingo ikageuka polepole kuelekea ukuta wa Ng'ambo.

“Dada,” akaniambia, “kuta hizi ni nene kiasi gani? Mbona wamejaa humu?”

Nilimshika mkono tukatoka, na katika duka la kwanza lililokuwa wazi nilinunua kafuri ya kuchoma mle kabla ya kukabidhi funguo.

Nawe ukihamia nyumba iliyoshikana na nyingine, kwa chini au kwa juu, usiwashe chochote siku ya kwanza. Bisha hodi kwa kila jirani wa ukutani, muulize anachoma nini, kisha uchome kingine.