Ringi Iliyogoma Jumapili

Ukitaka kumjua mtu aliyebanwa, mtazame mshonaji huyu: miaka arobaini na saba, goti la kulia limevimba, na baiskeli isiyojua kupumzika. Wenzake kiwandani humwita Pedali. Baiskeli yake haina frii, yaani gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, upende usipende. Hata kwenye mteremko, mahali ambapo wengine hutulia wakapunga upepo, yeye miguu inamkimbia kama anafukuzwa. Aliuziwa na tarishi mmoja aliyehama mji, kwa bei ya kutupa, na mwaka huu wa sita hajawahi kuacha kukanyaga.

Sasa goti limekataa. Daktari kamwambia achague: aache baiskeli, au abadilishe gia ya nyuma aweke kubwa zaidi, mlima usije ukammaliza. Aache aende na nini? Asubuhi sharti amwogeshe na kumlisha mama mkwe wake, ambaye kiharusi kimemlaza mwaka wa tatu, ndipo atoke. Geti la kiwanda cha sare hufungwa saa moja kamili, bila huruma, na kwa miguu hafiki. Mwezi huu ameshafungiwa nje mara mbili. Ya tatu, kazi hana, na nyumba nzima inakula kwa sindano yake.

Jumamosi fundi baiskeli akampa gia ya meno kumi na tisa ichukue nafasi ya ile ya kumi na tano, akamwazima na spana ya ndoano. "Mimi nina foleni mpaka Alhamisi, dada," alisema. "Toa kwanza ringi, hii pete ndogo inayoizuia, halafu gia yenyewe. Kazi ndogo hiyo."

Kazi ndogo! Jumapili asubuhi gurudumu lililazwa kwenye sakafu ya jikoni, na kabla hajaigusa ringi, mumewe akampokonya spana. "Mama watoto, kaa pembeni. Hii inataka nguvu." Akavuta kwenda kushoto, kama anavyofungua nati zote anazozijua. Wapi! Akaitwa shemeji, karani mwenye kifua kipana na maneno mengi, akaja na bomba la chuma la kurefusha mpini. Wakavuta wawili, mishipa ya shingo imewatoka.

"Inakuja!"

"Inakuja wapi? Wewe umelala, mimi navuta peke yangu!"

Saa sita mchana ikawakuta bado pale pale.

Na mshonaji alikuwa anajua. Sitamfichia. Tangu walipovuta mara ya pili aliona ringi inazidi kuzama, akakumbuka mtungi wa gesi uliosimama hapo hapo nyuma ya mgongo wa mumewe. Mtungi ukiisha, ni yeye anayefungua nati yake, nayo hufunguka kinyume, kwenda kulia. Wale wanaume wawili hawajagusa mtungi tangu wazaliwe. Wao gesi huiona kwenye chai tu. Walikuwa wanakaza, jamani, wanakaza kwa bomba! Yeye akawaacha wakaze. Moyoni alikuwa anaomba spana ivunjike, kesho geti lifungwe yeye akiwa kitandani, na asiwepo wa kusema kwamba ni yeye aliyeshindwa.

"Mwanangu, hebu njoo," mama mkwe akaita kutoka chumbani.

Akaenda, akarudisha mlango. Bibi yule alipika mgahawani miaka ishirini, mitungi anaijua.

"Nawasikia, vuta kushoto, vuta kushoto. Watu wazima wawili na bomba, na kitu hakisogei? Si wanakaza wale?"

"Wanakaza, mama."

"Na wewe unajua."

Mshonaji akaanza kumnyooshea shuka.

"Kama umechoka, sema umechoka. Usiitume ringi ikusemee."

Hapo machozi yakaja bila hodi. "Nimechoka, mama. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Kukikaribia kucha naogopa."

Mama mkwe akamshika kwa ule mkono mmoja unaofanya kazi. Angesema nini? Acha kazi? Na dawa zake yeye mwenyewe atanunua nani? Wote wawili walilijua jibu, na hilo ndilo lililouma. Mwishowe akamfuta uso kwa pindo la shuka.

Mshonaji akarudi jikoni. "Nipisheni." Akageuza spana, akasukuma bomba kwenda kulia. Bado. Walivyokuwa wameikaza, wale! Akaliegemea kwa uzito wake wote, meno ameyauma. Ringi ikalia krrr, ikalegea.

"Si unaona?" mumewe akapiga makofi. "Tulikuwa tumeshailegeza."

Gia ya zamani ikatoka, mpya ikaingia, cheni ikaongezwa pingili mbili. Ringi akaikaza mwenyewe.

"Sasa imekuwa nyepesi," mumewe akasema, "ukirudi utakuwa unapitia sokoni."

Jumatatu alipanda mlima amekaa kitako, jambo ambalo hakuliweza mwaka mzima. Goti halikulalamika, miguu tu ndiyo ilizunguka haraka kuliko zamani. Alifika ikiwa imebaki dakika moja.

"Leo umeniweza, Pedali!" mlinzi akacheka, naye akacheka kidogo. Alikuwa bado anaegemeza baiskeli ukutani aliposikia geti linaburutwa nyuma yake, kisha komeo likashuka. Safari hii alikuwa ndani.