Nilivyomwandika Bi Zuhura bila kumuuliza

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya foleni nzima!

Si mnajua naandika vibali vya soko? Akaja Bi Zuhura, muuza asali. Baba yake Mwarabu, mama Mnyamwezi. Penye "Kabila" nikaandika chapchap: chotara.

"Hebu soma, mwanangu."

Nikasoma. Kwa sauti, mjinga mimi!

"Karatasi hiyo naibandika kibandani. Wajukuu zangu wanisome hivyo?"

Nikaichana.

"Shikamoo mama," nikasema, utadhani ndiyo kwanza anafika. "Nikuandike nani?"

"Marahaba. Mnyamwezi na Mwarabu. Yote mawili, usipunguze."

Nafasi ndogo, nikabanabana herufi.

Mzee aliyemfuata akainama dirishani: "Na mimi usinikisie. Uliza!"

Basi foleni nzima ikataka kuulizwa. Nimefunga saa kumi, sijala.

Nyie ningewauliza niwaandike nani, mngejibu nini?