Kompyuta Yangu na Kadena ya Papa

Watu wanaotaka kujiundia kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza huja kuniomba ushauri, kwa kuwa wanaiona yangu inafanya kazi. Huwa nashindwa nianzie wapi. Nikitaka kusema anza na hiki, nakumbuka kwamba mimi nilianza na kile. Nikitaka kusema usiogope, nakumbuka nilivyotetemeka. Mpaka leo sijaelewa vizuri yaliyotokea siku ile, lakini naweza kuyasimulia kama nilivyoyaona.

Nilikuwa nafanya kazi katika kiduka cha kupiga chapa mjini Likasi: programu za misa za mazishi, kadi za harusi, kazi za wanafunzi wanaomaliza masomo. Nyumbani nilikuwa naishi na Papa, baba yangu mzazi, fundi umeme aliyestaafu kiwandani. Mama alikwisha kufariki. Papa alianza kusahau. Kwanza alisahau sufuria kwenye mbabula, jiko letu la makaa, ikaungua hadi kitako. Kisha akaanza kufunga vitu kwa kufuli, hizi tunazoziita kadena: friji, banda la kuku, hata bomba la maji uani. Akishafunga, anasahau funguo ameziweka wapi.

Kaka yangu mkubwa, ninayemwita yaya kama sisi sote tunavyowaita wakubwa wetu, anaishi Lubumbashi. Alipoona ile kadena ya friji alisema maneno yasiyo na kona: ama mimi nishinde nyumbani na Papa, ama yeye amchukue. Papa kusikia hivyo alikataa kula. Nyumba hii ndiyo aliyoishi na Mama, alisema atatoka humo akiwa amelala chali. Mimi nami sikutaka aende. Lakini ili nishinde nyumbani na bado tule, nilihitaji kompyuta yangu mwenyewe. Ndiyo nikaanza kukusanya vipande, kimoja leo, kingine mwezi ujao, kila kimoja kutoka kwa mtu wake.

Chumba cha nyuma kilikuwa karakana ya Papa. Nikakifagia, nikaweka meza karibu na dirisha kwa sababu taa ya humo haikuwa na balbu. Nilikuwa nimetazama video nyingi mno kwenye simu. Mmoja anasema anza na prosesa, ubao mkuu wa kompyuta ukiwa bado mezani. Mwingine anasema ingiza ubao kwenye kasha kwanza. Wa tatu anaonya kwamba mwili wa mtu una umeme, uguse chuma kabla ya kushika chochote, la sivyo utaua kipande bila kujua. Akili nyingi huondoa maarifa, na mimi yangu yaliondoka asubuhi ile. Niligusa dirisha la chuma kila dakika, mpaka Papa, aliyekuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda chake, akaniuliza kama kidirisha kile kina homa.

Kisha akasema, kwa lile jina analoniita mimi binti yake, "Mbele ya kutumika, mama, unafunga kwanza."

"Ndiyo, Papa," nikamjibu, macho yangu yakiwa kwenye kipembe kidogo cha dhahabu kilicho pembeni mwa prosesa. Maneno yake niliyajua tangu utoto: kabla ya kufanya kazi, funga kwanza. Kiwandani kwao, fundi akiingia kutengeneza mtambo, kwanza anakata umeme, halafu anaifunga swichi kwa kadena yake mwenyewe. Ufunguo anautia mfukoni. Hata mkubwa wa kazi apige kelele namna gani, kadena ile haifunguliwi na mtu mwingine, maana mwenye kadena yumo ndani, mikono yake iko kwenye mtambo. Papa alituimbia habari hiyo mezani mpaka tukaichoka. Nikasikia kigoda kikiburutwa, akaenda zake.

Kazi ile ilinichanganya kuliko nilivyotarajia. Kumbukumbu, zile fimbo mbili za kijani, zilikataa kuingia mpaka nilipozikandamiza kwa nguvu zilizonitisha. Waya wa umeme wa prosesa ulikuwa mfupi. Na zile nyaya ndogondogo za kitufe cha kuwashia, nani aliyezibuni? Kila moja inaingia kwenye kipini chembamba kama sindano, na maandishi yake yanahitaji macho ya mtoto mchanga. Nilizichomeka, nikazichomoa, nikazichomeka tena upande wa pili.

Umeme ulikuwa umekatwa tangu alfajiri, jambo lisiloshangaza mtu. Bwawa la umeme la Mwadingusha liko karibu nasi, la Koni liko karibu zaidi, na bado umeme unapita juu ya vichwa vyetu kama bibi harusi anayekwenda kwa watu wengine. Mchana ukarudi. Nilijua umerudi kwa sababu redio ya sebuleni ilianza kuimba. Nikachomeka ukutani stabilizeta, kile kifaa cha kutuliza umeme, nikachomeka kompyuta, nikafanya ishara ya msalaba, nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Hata feni haikugeuka. Taa ya stabilizeta ilikufa zamani, kwa hiyo haikuweza kuniambia lolote. Nikampigia fundi aliyeniuzia kasha.

"Uliangalia ka-bouton ya nyuma, pa alimentation?" akauliza. "Utie pa moja, si pa zéro."

Swichi ya nyuma, kwenye kisanduku cha umeme, ilikuwa kwenye moja. Nikaiweka kwenye sifuri, nikairudisha kwenye moja, nikaanza kuwa na shaka kama moja ni moja kweli. Nikafungua kasha, nikatoa kila kitu, nikarudisha kila kitu. Kimya. Nikajiuliza kama sikugusa dirisha vya kutosha. Pengine kweli nilikuwa nimeua ubao kwa vidole vyangu, na pamoja na ubao nimempoteza Papa. Nililia, sioni aibu kusema.

Katikati ya kilio yaya akapiga simu. "Inawaka?"

"Bado, yaya."

Akavuta pumzi. "Basi dimanche nitakuya na motoka. Utamutengenezea bintu yake."

Jumapili, na gari, nami nimfungie Papa vitu vyake. Nikatoka nje kupitia mlango wa nyuma nipate hewa. Pale ukutani kuna kiboksi cha chuma chenye mkono wa kushusha na kupandisha. Papa alikipachika zamani, kiwe cha kukata umeme wa karakana yake tu. Mkono ulikuwa umeshushwa, na kwenye tundu lake ilining'inia kadena ya shaba, ile kubwa ya kiwandani.

Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga mtu. Papa alikuwa kivulini anamenya karanga.

"Papa, hii kadena ni yako?"

"Njo yangu."

"Unipe funguo."

"Juu ya nini?"

"Nataka courant." Nilihitaji umeme, basi.

"Haiwezekane," akasema kwa upole. "Kuko mutu ndani."

"Mutu gani?"

Akafikiri. Uso wake ukachanganyikiwa, nami nikaumia kuuona. "Sijue. Lakini kuko mutu. Hatufungue mpaka atoke."

"Papa, hatuko ku usine. Tuko ku nyumba."

Kiwanda au nyumba, kwake ilikuwa mamoja; akatikisa kichwa kama vile ndimi niliyepotewa na akili. Hapo nikaamini kwamba yaya alikuwa amesema kweli, na kuamini kule kulinitia hasira. Nikaingia karakana, nikachukua msumeno wa chuma. Niliporudi, Papa alikuwa ameacha karanga, amesimama mbele ya kiboksi, mikono ameitanua. Hakunikemea. Alinitazama tu, macho yamejaa woga, na woga ule haukuwa wa msumeno.

Ndipo nilipojiuliza, kwa kuchelewa: ni nani aliyekuwa ndani ya chumba kile tangu asubuhi, mikono kwenye mtambo?

Nikaweka msumeno chini. Nikarudi chumbani, nikatoka tena taratibu, nikasimama mbele yake. "Papa, ni minye nilikuwa ndani. Naisha kutoka."

"Weye peke yako?"

"Minye peke yangu."

"Onyesha mikono."

Nikainyoosha. Akaikagua kidole kwa kidole, akaigeuza viganja juu. "Na bintu ya kutumikia?"

Nikaenda kuleta bisibisi na koleo. Akaviona, akaridhika. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi wa medali ya Bikira Maria, mahali ambapo sikuwahi kuutafuta. Akafungua mwenyewe, akapandisha mkono wa swichi.

Nikakimbilia ndani, nikabonyeza kitufe. Feni zikageuka. Kioo cha kompyuta kikajaa maandishi meupe ambayo sikuelewa hata mstari mmoja, na sijawahi kufurahia kutoelewa kama nilivyofurahi mchana ule.

Jumapili yaya alikuja na gari vilevile. Baada ya misa na chakula nilikuwa chumba cha nyuma, nimefungua kasha kwa sababu waya mmoja ulikuwa unakwaruza feni. Safari hii nilikuwa nimemwambia Papa kwamba naingia kutumika, naye akaenda kufunga swichi. Nikamsikia yaya nje, anaiona kadena, anacheka kwa uchungu.

"Bado anafunga. Papa, unipe funguo."

"Weye ni nani?" Papa akauliza.

Nikaacha bisibisi.

"Ni minye, Papa. Mutoto yako wa kwanza."

"Sikujue," Papa akasema. "Mutoto yangu iko ndani. Utangoya."

Nilipochungulia dirishani, yaya alikuwa bado amesimama. Kisha akakaa chini, kwenye saruji, na suti yake ya kanisani, kando ya kigoda cha Papa. Akangoja. Nilifunga ule waya haraka kwa uzi wa plastiki, nikatoka, nikanyoosha mikono kabla sijaambiwa. Papa akaikagua, kisha akamgeukia yaya.

"Na weye. Onyesha."

Yaya akanyoosha mikono yake. Papa akapita kidole kwa kidole, polepole, kama alivyofanya kwangu.

"Bien," akasema. "Bote banaisha kutoka." Kwa kuwa wote tulikuwa tumekwisha kutoka, akavuta ule uzi shingoni, akaenda kufungua.

Jioni yaya alirudi Lubumbashi peke yake. Mkoba wa nguo za Papa, niliokuwa nimeufunga tangu Jumamosi kama alivyoagiza, hakuuliza uko wapi.