Madigadi Niliyomwachia Mtani

Mtu akiniambia utani ni dawa ya moyo, namwangalia tu. Moyo wangu ulitibiwa kwa utani mara moja, na mpaka leo unachemka.

Gari nililinunua enzi za Mwingereza, baada ya vita, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama Tabora. Lilikuwa la kizamani hata wakati huo: la kijani, boneti ndefu, na madigadi manne ya kuzuia tope, yaliyojikunja juu ya magurudumu na kung'aa. Watoto wa mtaani kwetu Ipuli walikuwa wakijitazama humo na kuchekelea meno yao. Lakini madigadi hayabebi asali. Kazi yangu ilikuwa kuchukua asali na nta Sikonge kuleta stesheni, na mvua ikinyesha njia ile humeza tairi dogo zima zima. Nikapata matairi ya lori. Hayakuenea. Kila nikikata kona yalikwaruza digadi.

Fundi mmoja akaniambia, "Kata tu." Nikamwambia akakate la babake. Mimi sikukata hata inchi. Nilifungua bolti moja moja, zilizoshika kutu nikazipaka mafuta ya taa nikasubiri, kisha zote nikazifunga kwenye kitambaa na kuzitia katika kopo la chai. Madigadi nikayaegemeza ukutani nyuma ya nyumba, nikayafunika gunia. Maana binti yangu alikuwa ameposwa na watu wa Igunga, watu wa ng'ombe wengi na maneno mengi, naye alikuwa ameniomba kitu kimoja tu.

"Baba, siku yangu wasije wakasema nimeletwa kanisani na gari lililovuliwa nguo. Lirudishie."

Nikamwahidi. Siku ya harusi lingevaa madigadi yake na matairi yake madogo, kama nilivyolinunua.

Sasa, jirani yangu alikuwa Mzaramo, fundi bati, anatengeneza majiko na vibatari. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zangu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda kwao pwani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkeo na kuondoka na jogoo wako, nawe ucheke. Ukikasirika, wewe ndiye huna adabu.

Siku moja alinikuta nyuma ya nyumba nimelala chini ya gari, mafuta yananidondokea jichoni.

"Ewe mpagazi!" akasema. "Mabati haya yanamngoja nani? Babu zako walikuja kutua mizigo kwetu. Na wewe tua!"

Laiti ningenyamaza! Lakini mdomo ulijibu wenyewe, kama tunavyojibu siku zote. "Chukua, mtumwa wangu. Cha bwana ni cha mtumwa."

Hata kichwa sikutoa. Kesho yake nikaenda Sikonge, nikakaa siku tatu. Niliporudi, gunia lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa pale ukutani. Limekunjwa, jamani!

Nilimkuta kibarazani kwake na tindo mkononi, majiko yamepangwa mstari. Mengine yalikuwa bado na rangi ya kijani. Moja lilikuwa na tundu la bolti, tundu ninalolijua kwa kidole.

"Umefanya nini?"

"Si ulisema chukua?"

"Harusi ya mwanangu ni Jumamosi!"

Uso wake ulibadilika. Niliuona kabisa: hakuwa anajua kwamba nimeyaweka kwa ajili ya harusi. Angesema pole pale pale, labda ningemsamehe. Lakini watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, na mtani haombi radhi mbele za watu. Akacheka. "Jamani, njooni muone, Mnyamwezi analilia bati!" Wote wakaangua kicheko. Nikamkwida shati. Mzee mmoja akanidaka mkono: "Ala! Mtani hapigwi." Ikabidi nami nicheke. Hasira niliyomeza siku ile haijapata kunitoka.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Matairi madogo niliyarudisha, lakini tairi dogo nalo hurusha tope, na kioo cha upande wa binti yangu kilikuwa kimevunjika zamani. Mbele ya kanisa, watu wa Igunga wamesimama na miavuli yao, gurudumu la mbele likaingia dimbwini. Tope lote ambalo digadi lingelizuia likapita dirishani, likamwagikia gauni jeupe kutoka begani mpaka kiunoni. Mama mkwe wake akajiziba mdomo kwa kanga, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Binti yangu hakulia. Alijipangusa kwa kiganja, akaniangalia.

"Baba, ni kweli ulimwambia achukue?"

"Ulikuwa utani, mwanangu."

Akashuka bila kunishika mkono.

Yule Mzaramo alikuja harusini na zawadi: jiko, lile lenye tundu. Nilitaka kulipiga teke. Binti yangu akalipokea kwa mikono miwili, akaenda nalo Igunga, akalitumia kupikia miaka mingi.

Nami nikaendelea kutaniana na jirani yangu, ningefanyaje? Mpagazi huku, mtumwa kule, na hasira yangu kifuani kama mwiba wa samaki. Sikumwambia kamwe, wala yeye hakuniuliza. Kisha akafa, na kwa desturi yetu, mtani ndiye anayechekesha msibani. Nikashuka kaburini kabla hajaletwa, nikajilaza chali, nikapiga kelele, "Sitoki humu! Sitoki mpaka anirudishie madigadi yangu manne!"

Watu walicheka mpaka wanawe wakaegemea majembe yao. Wakasema Tabora nzima haijapata kuona mtani kama mimi. Nilikuwa nasema kweli. Ambaye angelijua hilo ni mmoja tu, na ndiye tuliyekuja kumfukia.